Hodi ya Askari Mia Sita

Mimi nikisema hodi, ninyi semeni karibu.

Hodi!

*Karibu!*

Hodi tena!

*Karibu, ingia na ulichobeba!*

Nimebeba jambo la zamani za kale, kabla babu wa babu zenu hajakata mti wake wa kwanza. Naanza na lile lenye hakika.

Siku ya kwanza ya kiangazi, alfajiri, mchwa askari mia sita walitoka kichuguuni kwenda vitani. Siku ya tano, adhuhuri, walirejea. Hakuna aliyekuwa na jeraha. Hakuna aliyemwona adui. Kumi na wanne hawakurudi.

Mtauliza: ikiwa adui hakuonekana, hao kumi na wanne waliuawa na nani? Ulizeni tu. Hata mimi niliuliza, nikajibiwa hivi.

Palikuwa na kichuguu kando ya bonde. Ndani yake aliishi Malkia, mama wa wote. Malkia hakuwa akitoka chumbani. Alitaga mayai usiku na mchana, na nyumba yake aliijua kwa kuwauliza waliopita mlangoni.

Watoto wake walikuwa wa aina mbili. Wajenzi walikuwa wadogo. Walibeba udongo, walitafuna nyasi kavu, walilea mayai. Askari walikuwa na vichwa vikubwa na meno mawili mbele, marefu, yaliyopishana kama mkasi. Wajenzi walijenga, askari walilinda.

Na palikuwa na desturi. Askari akisikia njaa, alimwendea mjenzi, akamgusa paji la uso mara mbili, akasema, "Hodi." Mjenzi akajibu, "Karibu." Kisha akamlisha mdomo kwa mdomo, chakula kilichokwisha kutafunwa. Ilikuwa hivyo tangu kichuguu kilipokuwa kimo cha uyoga. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Isipokuwa mmoja. Alikuwa mjenzi, na wenzake walimpa jina la Dodosa, kwa sababu hakuweza kupita penye jambo bila kuliuliza.

Kila siku Dodosa alilisha askari wanane. Wa kwanza alikuwa Jemadari Gego, mkuu wa askari wote. Wa mwisho alikuwa Tambo, mwimbaji wa jeshi, ambaye hakuwahi kupiga hodi bila utani.

"Hodi, dada. Leo umepika au umetafuna tu?"

"Karibu, kaka. Ukitaka cha kupikwa, kapike. Meno unayo."

"Meno haya ni ya siafu, dada. Si ya sufuria."

Mwisho wa mvua, Mjusi alikuja na habari. Mjusi huyu alikuwa na jiwe lake karibu na kichuguu, hapo ndipo alipoota jua. Hakuwa rafiki wa mchwa wala adui yao. Alipenda tu kuona mambo yanaishaje.

"Siafu wako kwenye gogo, ng'ambo ya bonde," alisema. "Nimewaona kwa macho yangu. Wanalea watoto wao. Wakimaliza watahama, na wakihama njia yao ni hapa."

Mchwa wote walijua maana ya maneno hayo. Siafu wakiingia kichuguuni wanakula mayai, kisha wanamla mama. Baada ya hapo nyumba hukaliwa na nyoka.

Jemadari Gego akasema, "Hatutawangoja. Tutawafuata huko huko, tuwapige wangali na watoto mgongoni."

Akaanza kuliandaa jeshi. Alifanya ukaguzi mara tatu.

Ukaguzi wa kwanza ulikuwa wa meno. Kila askari alipewa bua kavu alikate kwa mara moja. Mia sita wakakata. Jemadari akatazama vipande chini, akasema, "Tayari."

Kisha akaenda kwa Dodosa, akamgusa paji la uso mara mbili.

"Hodi."

"Karibu."

Dodosa akamlisha. Alikuwa na mazoea ya kuuliza wakati mwenziwe mdomo umejaa, maana hapo hakatizwi.

"Kaka Jemadari, huko kwenye gogo ni mbali kiasi gani?"

Jemadari akameza. "Siku tatu."

"Siku tatu za kwenda, au za kwenda na kurudi?"

"Dada, lisha."

Ukaguzi wa pili ulikuwa wa vichwa. Mchwa askari akiona hatari hugonga kichwa chini, na wote husikia. Siku hiyo mia sita waligonga kwa pamoja. Ko! Kichuguu kikatikisika. Malkia akauliza kutoka chumbani, "Nani anatwanga saa hizi?" Jemadari akasema, "Tayari."

Kisha akaenda kwa Dodosa.

"Hodi."

"Karibu. Kaka Jemadari, mtakwenda na wajenzi wangapi?"

"Hata mmoja. Miguu yenu ni mifupi. Mtatuchelewesha, na siafu wataamka."

"Sawa. Na nani atasema karibu?"

"Dada, lisha."

Ukaguzi wa tatu ulikuwa wa wimbo. Tambo aliimbisha, wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nanyi itikieni.

*Meno yetu marefu!*
*Ko!*
*Vichwa vyetu vigumu!*
*Ko!*
*Siafu ni nani?*
*Ko, ko, ko!*

Waliimba vizuri. Jemadari akasema, "Tayari. Kesho alfajiri."

Kisha akaenda kwa Dodosa, na safari hii askari wote walikuwa wamesimama karibu.

"Hodi."

"Karibu. Kaka Jemadari, njaa ikiwashika huko, mtafanyaje?"

Jemadari alijua askari wanasikia, kwa hiyo alijibu kwa sauti. "Bonde zima ni nyasi kavu. Tutakula nyasi."

"Umewahi kula nyasi mwenyewe?"

"Sijawahi kuhitaji."

Dodosa akachukua kipande cha nyasi, akakiweka mbele yake. "Kula hiki, nikuone."

Jemadari akakibana kwa meno. Kikabanika vizuri. Lakini kilikuwa kule mbele kwenye ncha za meno, na mdomo ulikuwa huku nyuma. Akainua kichwa, kikabaki kule kule. Akainamisha kichwa, kikabaki kule kule. Akageuza kichwa upande.

"Zungusha tena, Jemadari!" Tambo akapaza sauti. "Pengine kitachoka kije chenyewe!"

Askari wakacheka. Jemadari akakiachia kipande.

"Sina njaa," akasema. "Ndiyo kwanza nimetoka kula."

Na kweli alikuwa ametoka kula. Hakudanganya.

"Dada Dodosa anaogopa kukosa wa kumlisha," Tambo akasema. Wakacheka tena, sasa wakimcheka yeye.

Wapo wanaosema Jemadari alikuwa na kiburi. Sijui. Ninalojua ni kwamba mia sita walikuwa wakimtazama, na safari ilikuwa kesho.

Alfajiri walikula mara ya mwisho. Tambo alikuja wa nane, kama kawaida yake.

"Hodi, dada. Nijaze sana. Siku sita hutaniona."

"Karibu. Umejuaje kuwa ni sita?"

"Tatu na tatu. Hata mwimbaji anaweza hesabu hiyo."

"Jemadari hakuniambia."

"Hakuniambia hata mimi," Tambo akasema. "Nimebahatisha."

Wakatoka.

Yaliyotokea njiani yametoka kwa Mjusi, maana aliwafuata kwa mbali ili aone mwisho wake.

Siku ya kwanza waliimba kutwa. *Meno yetu marefu! Ko!* Ndege walisikia wakaruka mitini.

Siku ya pili waliimba asubuhi. Mchana waliitikia nusu yao. Jioni Tambo aliimba peke yake.

Siku ya tatu jua lilipokuwa juu, jeshi lilisimama katikati ya bonde. Nyasi kavu zilikuwa mbele yao, nyuma yao, kulia na kushoto. Chakula cha kichuguu kwa miaka saba. Mia sita walikuwa wamesimama ndani yake, na hakuna aliyekuwa akila.

Mjusi hakuweza kuvumilia. Akasogea.

"Wakubwa, mbona mmesimama?"

Tambo ndiye aliyejibu. "Tunatazama chakula."

"Kwani hakiliwi?"

"Kinaliwa. Sisi ndio hatujui kinaingilia wapi."

Walikuwa wamejaribu. Kwanza kila mmoja alijaribu peke yake, kama Jemadari alivyojaribu nyumbani. Walikata nyasi zikawa vipande, vipande vikawa vumbi, na mdomoni hakikufika kitu.

Wakajaribu mara ya pili. Walilala kifudifudi ili mdomo uifikie ardhi. Meno yakachoma udongo, kichwa kikabaki juu. Wengine walishindwa kuyang'oa, wakavutwa kwa miguu.

Wakajaribu mara ya tatu. Walisimama wawili wawili, huyu amlishe huyu. Meno yakapitana na meno yakafungana, kama mikasi miwili iliyoumana. Ilichukua askari kumi kuwaachanisha wawili.

Baada ya hapo hawakujaribu tena. Askari mmoja, hakuna ajuaye nani, alimgusa mwenziwe paji la uso mara mbili.

"Hodi," akasema.

Mwenziwe naye akamgusa yeye. "Hodi."

Yule wa tatu akageuka. "Hodi." Ikaenda hivyo mstari mzima. Mia sita walikuwa wakigusana mapaji, na bonde zima lilikuwa linasema hodi.

Hapa, wenzangu, msiitikie.

Hodi!

...

Hodi!

...

Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa turudi nyumbani.

Siku ile ya kwanza, jeshi lilipotoka, wajenzi walitafuna nyasi kama kawaida. Dodosa alitafuna fungu la watu wanane na lake la tisa. Jioni hakuna aliyepiga hodi. Chakula kikabaki tumboni.

Siku ya pili asubuhi tumbo lilikuwa limevimba. Akawauliza wenzake, nao walikuwa hivyo hivyo. Kichuguu kizima wajenzi walikuwa wameketi, miguu imenyooshwa, hawawezi kuinama.

Dodosa akaenda chumbani kwa Malkia, akitembea polepole.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unatembea kama mimi?"

"Mama, waliokwenda vitani hawajala."

"Umejuaje? Umetumiwa habari?"

"Chakula chao kiko tumboni mwangu."

Malkia akauliza swali moja. "Wamekwenda na nani wa kuwalisha?"

"Hawakwenda na mtu."

"Na mimi sikuuliza," Malkia akasema. "Nilisikia wanatwanga, nikadhani mambo yako tayari. Wafuateni."

Wajenzi walitoka mchana ule wa siku ya pili. Mjenzi ana ngozi nyembamba na jua humkausha, kwa hiyo hawakutembea wazi. Walijenga kijia cha udongo na kukifunika juu, wakapita ndani yake. Wa nyuma walileta udongo, wa mbele waliubandika. Walifuata harufu ya miguu ya askari.

Siku ya tatu alasiri kitu kiligonga juu ya kijia. Dodosa akatoboa tundu, akamwona Mjusi.

"Mnawatafuta wale wanaopiga hodi?" Mjusi akauliza.

"Wako mbali?"

"Mkijenga moja kwa moja kuelekea mti ule uliokauka, asubuhi mtafika. Mkifuata nyayo zao mtafika keshokutwa. Walizunguka sana, mkubwa wao hakuuliza njia."

Wakajenga kuelekea mti uliokauka. Siku ya nne asubuhi walitoboa ukuta wa kijia, wakatokea katikati ya bonde.

Askari walikuwa wamelala. Aliye karibu na tundu akanyoosha kipapasio, akagusa paji la uso la mjenzi.

"Hodi," akasema, kama mtu asiyetarajia jibu.

"Karibu," mjenzi akasema.

Neno likasikika. Wakaanza kujikokota kuelekea tunduni, wanaoweza. Wasioweza walifuatwa walikolala. *Hodi. Karibu. Hodi. Karibu.* Itikieni basi, sasa ruhusa ipo.

Hodi!

*Karibu!*

Dodosa alimlisha Jemadari, hakumuuliza kitu. Akawalisha sita wengine. Kisha akamtafuta wa nane.

Tambo alikuwa amelala chini ya bua, meno yameelekezwa nyumbani. Dodosa akasema, "Karibu." Akangoja. Akamgusa yeye paji la uso, mara mbili, akasema tena, "Karibu, kaka." Tambo hakuitikia.

Pamoja naye walikuwa kumi na wanne.

Siku ya tano, adhuhuri, jeshi lilirejea nyumbani kwa kupitia kijia cha udongo. Hakuna aliyeimba. Fungu la nane lilibaki tumboni mwa Dodosa.

Malkia alimwita Jemadari mlangoni mwa chumba.

"Mlipigana na nani?"

"Hatukupigana, Mama."

"Mlimwona nani?"

"Mjusi."

"Wanangu kumi na wanne wako wapi?"

Jemadari akagonga kichwa chini, mara moja.

Malkia hakumfukuza. "Siafu bado wanakuja," akasema. "Nenda ukaulizwe."

"Nikaulizwe na nani, Mama?"

"Na anayejua kuuliza."

Kwa mara ya kwanza tangu kichuguu kilipokuwa kimo cha uyoga, askari na wajenzi wakaketi pamoja kupanga vita. Dodosa akaanza.

"Kaka Jemadari, nyumba yetu ina milango mingapi?"

"Kumi na miwili," Jemadari akasema bila kusita.

Wajenzi wakatazamana. Mmoja akakohoa. "Ishirini na mmoja, kaka. Tisa tulitoboa wakati wa mvua."

"Mbona sikuambiwa?"

"Hukuuliza."

Wakakubaliana kuziba kumi na saba kwa udongo na kuacha minne, maana nyumba isiyopumua huua mayai. Hilo nalo Jemadari hakulijua. Walilijua walezi wa mayai.

"Hiyo minne italindwaje?" Dodosa akauliza.

"Kwa kichwa. Askari anaingiza kichwa tunduni, kinaziba. Meno yanabaki nje."

"Na mdomo?"

"Mdomo nao uko nje."

"Mimi nitakuwa ndani, nyuma yako. Nitakulishaje?"

Jemadari akafungua kinywa. Wote walijua neno linalokuja. Lakini halikuja. Akakuna kichwa kwa mguu.

"Sijui," akasema.

Basi wakatafuta pamoja. Wajenzi walipanua njia nyuma ya kila mlango, ili askari wawili watoshe. Mmoja azibe, wa pili angoje. Aliyeziba akichoka anarudi nyuma, wa pili anaingia, na aliyetoka anakwenda kupiga hodi.

"Na hapo katikati," Dodosa akauliza, "huyu ametoka, huyu hajaingia?"

"Ni muda mfupi."

"Mfupi kiasi gani?"

"Tujaribu," Jemadari akasema.

Wajenzi walitoka nje, wakajifanya siafu. Askari wakabadilishana. Tundu lilipozibwa, wajenzi ishirini walikuwa wameshaingia.

"Ishirini," Dodosa akasema. "Mama ameliwa."

Wakajaribu tena. Wakaingia saba.

"Saba. Mama ameliwa nusu."

Wakajaribu mara ya tatu. Akaingia mmoja, naye hakuingia wote. Alikuwa Dodosa mwenyewe, amebanwa kiunoni na kichwa cha Jemadari, miguu inapiga nje.

"Mama je?" Jemadari akauliza.

"Mama yu hai, ila mimi nimekufa. Nitoe, kaka!"

Ndiyo siku ya kwanza kichuguu kucheka tangu jeshi liliporudi. Wakarudia, hakuingia mtu. Wakarudia mchana kutwa na kesho yake.

Likabaki swali moja: watajuaje kama siafu wanakuja? Dodosa alikwenda kwa Mjusi.

"Ukiwaona, utugongee kwa mkia mara tatu."

"Mimi napata nini?"

"Utaona mwisho wake."

Mjusi akafikiri. "Haya," akasema.

Siku ya nane asubuhi mkia uligonga kichuguu. Ko, ko, ko. Kisha Mjusi akapanda juu ya jiwe lake, juu kabisa.

Siafu walikuja kwa upana wa zizi la ng'ombe. Waliizunguka nyumba. Walijaribu milango kumi na saba, wakakuta udongo. Walijaribu minne, wakakuta vichwa.

Mkubwa wa siafu alisimama mbele ya mlango mkubwa. Kichwa kilichouziba kilikuwa cha Jemadari Gego.

"Wewe kichwa! Toka mlangoni, tuna safari."

"Ruhusa kuizunguka nyumba," Jemadari akasema.

"Tunataka kupita ndani."

"Ndani kuna wenyewe."

Wakasukuma. Wakaumwa. Wakasukuma tena mpaka jioni.

Siku ya tisa mkubwa wa siafu akasema, "Hatusukumi. Tutakaa. Mlinzi wa mlango hali kitu, njaa itamtoa."

Wakakaa, wakatega masikio ukutani wasikie njaa ikiingia. Wakasikia hivi:

*Hodi. Karibu. Hodi. Karibu.*

"Wana wageni?" siafu mmoja akauliza.

"Tangu asubuhi," mwenziwe akasema. "Nimehesabu mia mbili."

"Wanapitia wapi?"

Hakuna aliyejua.

Siku ya kumi siafu walikuwa na shida yao wenyewe. Siafu habebi akiba. Hula anapopita, na akikaa mahali humaliza. Siku tatu walikuwa wamekula panzi wote, jongoo wote na funza wote wa pale, na watoto walikuwa wanalia mgongoni. Mkubwa wao alitazama vichwa vinne milangoni. Vilikuwa vile vile, au ndivyo alivyodhani.

Alasiri ya siku ya kumi walihama. Walizunguka nyumba kwa nje, wakateremka mtoni. Mjusi alikuwa juu ya jiwe. Alimwona siafu wa mwisho akivuka juu ya kijiti, na ndipo alipogonga mkia mara moja na kulala.

Ndani, Jemadari alirudi nyuma kutoka mlangoni. Askari wa pili akaingia. Jemadari akamwendea Dodosa, akamgusa paji la uso mara mbili.

"Hodi."

"Karibu."

Akala. Dodosa hakuuliza kitu. Jemadari alimeza, akakaa pale pale, hakuondoka.

"Leo huulizi, dada?"

"Leo uliza wewe."

Jemadari akasogea karibu zaidi.

"Tambo," akasema. "Mara ya mwisho alikula lini?"

"Alfajiri mliyotoka. Kwangu. Aliniambia nimjaze."

"Ulimjaza?"

"Nilimjaza. Nilimjaza kwa siku moja, kaka. Tumbo la askari halibebi zaidi ya hapo."

"Sikujua," Jemadari akasema.

"Najua. Sasa unajua."

Mayai yalikuwa mazima. Malkia aliuliza kutoka chumbani kama siafu wamekwenda, akaambiwa wamekwenda. Akauliza kama wote wamekula. Akaambiwa wamekula wote.

Funzo la ngano hii ni hili. Anayejiandaa kwa vita asikague silaha na nyimbo tu. Aulize njia ina urefu gani, nani atawalisha anaowapeleka, na nani atawarudisha. Awaulize wale wanaoifanya kazi hiyo kila siku, na awaulize kabla ya alfajiri ya kutoka.

Asiyeniamini aende kesho mchana, avunje kipande cha kijia cha mchwa ukutani kwake. Atamwona mwenye kichwa kikubwa akitoka kusimama tunduni. Atazame nyuma yake. Mdogo yupo.

Hodi ya mwisho!

*Karibu!*

Nimeingia, nimeketi, mzigo nimeutua kwenu. Mlango naufunga.